Shajara ya mradi: kukadiria kwa kompyuta sumu za madukani na karakana za Lamu

12 Januari

Orodha ya kwanza imekamilika. Tumezunguka maduka ya vifaa vya ujenzi ya Langoni, karakana za maseremala wa milango, na ufuo wa Matondoni wanakoundwa na kukarabatiwa vyombo, tukiandika kila kemikali inayouzwa au kutumika: rangi ya chini ya chombo, thina, spiriti, vanishi, dawa ya mchwa, dawa ya panya, gundi ya faiba na kigandishi chake, tindikali ya kusafishia vigae, vidonge vya kuhifadhia mahindi.

Hapa kwetu kemikali hununuliwa kwa kupimiwa. Mwenye boriti mbili zilizoingia mchwa hana haja ya lita tano za dawa. Hutiliwa nusu lita kwenye chupa ya soda, na chupa hiyo ikifika nyumbani imeshapoteza jina lake. Mtoto akiinywa, mzazi hukimbilia hospitali na chupa mkononi, na mhudumu hana cha kusoma. Anachotaka kujua dakika ile ni mambo mawili: ni kitu gani, na ni kikali kiasi gani.

La kwanza tunalishughulikia na wenye maduka, kwa vibandiko vya jina. La pili ndilo mradi wenyewe. Tunataka karatasi moja ya kubandikwa ukutani zahanati na hospitali, inayopanga kemikali zinazopatikana Lamu kwa ukali wa sumu yake ikimezwa mara moja. Baadhi zina takwimu za maabara tangu zamani. Nyingine za viwandani hatukuzipatia takwimu, na kwa hizo tutaitumia modeli ya kompyuta, yaani programu inayojifunza kwa kemikali zilizokwisha kupimwa kisha ikakisia zisizopimwa.

19 Januari

Leo tumekaa na vijana wanaotusaidia ili tukubaliane tunakadiria nini hasa. Kipimo kinaitwa LD50: miligramu za kemikali kwa kila kilo ya uzito wa mwili zinazoua nusu ya wanyama waliopewa, na kwetu ni panya wa maabara waliopewa kwa mdomo. J. W. Trevan alikileta mwaka 1927, akitafuta namna ya kulinganisha nguvu ya dawa ambazo hazikutoka sawa kila zilipotengenezwa. Baadaye kikahamia kwenye kila kitu, kuanzia viuatilifu hadi rangi za viwandani, na kwa miongo mingi kila kemikali mpya ilikula wanyama wengi. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi zilizoendelea ambalo pia hutoa miongozo ya kupima kemikali, liliufuta mwongozo wake namba 401 mwaka 2002, zikabaki mbinu tatu zinazotumia wanyama wachache zaidi, namba 420, 423 na 425. Hata kwa mbinu hizo hakuna atakayewapima panya kwa kila kemikali iliyoko sokoni duniani, na sidhani kama inafaa. Ndiyo maana watu wakageukia kompyuta.

Madaraja tunayoyafuata ni ya GHS, mfumo wa Umoja wa Mataifa wa kupanga kemikali kwa hatari yake. Daraja la 1 ni LD50 isiyozidi 5, la 2 huishia 50, la 3 huishia 300, la 4 huishia 2000, na la 5 huishia 5000. Namba ikiwa ndogo, sumu ni kali, na jambo hili huwakanganya wengi wanaolikuta mara ya kwanza. Ndani ya modeli tunaigeuza: tunagawanya kwa uzito wa molekuli, tunachukua logi (logarithimu), tunabadilisha alama ya kutoa kuwa ya kujumlisha. Kabofurani, dawa ya wadudu yenye LD50 ya 8, inakuwa 4.44. Klopirifosi, dawa ya mchwa yenye 135, inakuwa 3.41. Hapo namba kubwa ndiyo sumu kubwa, na pia tunalinganisha molekuli kwa molekuli badala ya gramu kwa gramu, kwani molekuli nzito ikipimwa kwa gramu hujificha nyuma ya uzito wake.

2 Februari

Data tunayojengea ni ile iliyokusanywa kwa ajili ya mradi wa CATMoS, uliosimamiwa na taasisi za serikali ya Marekani, matokeo yake yakachapishwa mwaka 2021. Walikusanya takwimu za panya za kemikali 11,992, wakawaalika watafiti wa nchi mbalimbali kila mmoja ajenge modeli yake. Vikundi 35 vikaleta modeli 139, na makadirio yao yakaunganishwa kuwa makubaliano ya pamoja. Makubaliano hayo yamo ndani ya programu ya bure iitwayo OPERA. Mtu anaweza kuuliza basi sisi tunajenga nini. Tunajenga modeli ndogo yetu ili tuielewe kwa ndani, kisha tunaiweka ubavuni mwa OPERA na kuona zinapopishana. Zinapopishana ndipo tunapokaa na kufikiri.

Usafishaji umechukua muda kuliko kazi nyingine yoyote, na ndivyo inavyostahili. Kila molekuli huandikwa kwa mstari wa herufi: methanoli ni CO, ethanoli ni CCO, kabofurani ni CNC(=O)Oc1cccc2c1OC(C)(C)C2. Chumvi lazima zivuliwe ioni ya pili, vinginevyo kemikali ileile inaingia mara mbili kwa sura mbili. Rekodi zinazojirudia lazima ziunganishwe, na hapo ndipo tulipokutana na saipamethrini, iliyomo kwenye dawa nyingi za wadudu za dukani. Ikipewa panya ndani ya mafuta ya mahindi LD50 yake ni kama 250. Ikipewa ndani ya maji inapanda kupita 4000. Kemikali ni moja, panya ni walewale, kilichobadilika ni kimiminika kilichoibeba. Ukichukua wastani wa namba hizo unapata namba isiyomhusu panya yeyote. Tumeamua kwamba zikitofautiana namna hiyo tunachukua upande mkali.

Kuna uchambuzi wa mwaka 2022 ambao kila anayejenga modeli ya aina hii angepaswa kuuanza nao. Walichukua kemikali zilizopimwa zaidi ya mara moja kwa panya na kuuliza vipimo vinakubaliana kiasi gani. Jibu: uwezekano wa vipimo viwili kuiweka kemikali daraja moja ni asilimia 60 kwa wastani, na namba yenyewe ina ukungu wa 0.24 ya logi kila upande. Kwa maneno mengine, LD50 iliyoandikwa 100 inaweza ikawa 58 au 174 bila mtu kukosea chochote maabara. Nimeiandika namba hiyo ubaoni. Modeli ikijigamba kuwa sahihi kuliko panya wenyewe, imekariri majibu, haikujifunza.

11 Februari

Modeli ya kwanza inafanya kazi. Kila molekuli inavunjwa vipande vidogo kwa programu ya RDKit, atomu na majirani zake, kisha vipande vinageuzwa kuwa safu ya sifuri na moja, na miti mingi ya maamuzi, yaani misururu ya maswali ya ndiyo au hapana, inapiga kura.

Kijana wetu wa data alifurahi sana kwa matokeo ya mwanzo, kisha tukabadilisha namna ya kugawa data kati ya upande wa mafunzo na upande wa mtihani, na furaha ikapungua. Ukizigawa kemikali kwa bahati nasibu, upande wa mtihani unajaa ndugu wa karibu wa zile za mafunzo: kemikali tano za ukoo wa esta zinazotofautiana kwa kaboni moja moja, tatu kule, mbili huku. Modeli inajibu kwa ukoo tu. Tumegawa upya kwa mifupa ya molekuli, ukoo mzima upande mmoja, na sasa alama zimeshuka zikawa za kuaminika. Tutazitumia hizi hizi.

Jioni tulijaribu parathioni na malathioni. Zote mbili ni za jamii ya oganofosfati, zote zina fosforasi iliyoshikana na salfa, na ini huiondoa salfa na kuweka oksijeni, kisha zao hilo ndilo linalozuia kimeng'enya cha asetilikolini kwenye neva. Lakini parathioni ina LD50 ya 13 na malathioni 2100. Tofauti iko kwenye vipande viwili vya malathioni viitwavyo esta: mwili wa mamalia una kimeng'enya kinachozikata haraka kabla sumu haijapata nafasi, ilhali wadudu wengi hawana cha kutosha. Modeli yetu imeiweka malathioni kuwa kali kuliko ilivyo. Imekiona kipande cha fosforasi na salfa, haikuipa esta uzito unaostahili. Kosa la upande huo linavumilika: mhudumu ataogopa zaidi, atamwangalia mgonjwa kwa karibu, na dawa ya kwanza ya oganofosfati, atropini, inatolewa kwa dalili zinazoonekana, si kwa namba ya karatasini.

Tunalolikataa kabisa ni kosa la kushusha, kemikali ya daraja la 2 kuandikwa la 4. Tumebadilisha mizani ya modeli ili kosa hilo liigharimu zaidi wakati wa mafunzo. Itapandisha nyingi bila sababu. Sawa.

24 Februari

Leo ndiyo siku niliyoisubiri kwa hofu kidogo: kuipitisha orodha ya Lamu yenyewe ndani ya modeli.

Dawa za mchwa zilipita vizuri. Klopirifosi, fiproni, imidaklopridi, zote ni molekuli za kaboni zinazofahamika, na takwimu zake za kweli ziko kwenye orodha ya Shirika la Afya Duniani: 135, 92 na 450. Hizi hazihitaji hata modeli, tulizitumia kuipima. Viyeyusho vya vanishi navyo vilipita.

Kisha tukafika kwenye kopo la rangi ya chini ya chombo. Zamani chini ya jahazi palipakwa deheni, shahamu na chokaa, na hakuna aliyehitaji kompyuta kuijua. Siku hizi ni rangi ya kiwandani, na inayofanya kazi ndani yake ni oksidi ya shaba. Hakuna kaboni hapo. Mstari wa herufi unaandikika, lakini hauna maana kwa modeli iliyojifunza kwa kemia ya kaboni, na data ya CATMoS iliziondoa kemikali za aina hiyo tangu usafishaji. Makopo ya zamani kabisa yanaweza kuwa na tributili ya bati, iliyopigwa marufuku kwa rangi za vyombo na mkataba wa kimataifa wa mwaka 2001 ulioanza kutumika 2008. Ile ina kaboni tele, lakini moyo wake ni bati, na modeli ikilazimishwa itasoma mikia ya kaboni na kudhani inatazama mafuta. Fundi mmoja mzee wa Matondoni alitusikiliza tukibishana akauliza, "Sasa mwanangu, hiyo mashine yenu inaijua rangi hii au haiijui?" Nikamjibu, "Haiijui, Ami." Akasema basi iandikwe hivyo.

Tukaendelea. Dawa ya panya ya unga wa kijivu ni fosfidi ya zinki: haina kaboni. Vidonge vya mahindi ni fosfidi ya alumini: haina kaboni. Hizi mbili zikikutana na asidi ya tumbo, au hata unyevu tu kwa ile ya alumini, hutoa gesi ya fosfini, na ni katika sumu kali kuliko zote tulizoandika. Tindikali ya vigae na kigandishi cha gundi ya faiba, hatari yake ni kuunguza koo na tumbo, jambo ambalo daraja la LD50 halikuundwa kulieleza. Thina ni mchanganyiko unaobadilika kila pipa. Mafuta ya taa ni mamia ya molekuli kwa pamoja.

Mafuta ya taa nayaandikia aya yake. Kwa panya LD50 yake iko juu ya 5000, na ukisoma madaraja kwa haraka utadhani ni kitu cha kupuuza. Lakini mtoto anayeyanywa hadhuriki zaidi tumboni. Anadhurika pale yanapoingia mapafuni, kwa kupaliwa au kwa kutapika, na hapo kidogo tu yanatosha kuleta homa ya mapafu ya kemikali. Ndiyo maana mtoto huyo hatapishwi kamwe, wala halishwi maziwa kwa nguvu ili atapike. Hakuna modeli ya sumu ya kumeza itakayokuambia hayo, kwa sababu halikuwa swali lake.

Kwa hiyo vitu vinavyoogopwa zaidi kwenye orodha yetu, kimoja baada ya kingine, viko nje ya mipaka ya modeli. Nimekuwa nikiitafakari hali hii tangu alasiri na siioni kuwa ni kushindwa kwa mradi. Mwaka 2004 nchi za OECD zilikubaliana masharti matano ya modeli za aina hii, na sharti la tatu ni kwamba modeli iwe na mipaka iliyotajwa ya mahali inapofaa. Watu hulitaja kama kanuni ya makaratasi. Kwetu ndilo sharti lenye uzito kuliko usahihi wenyewe, maana karatasi itasomwa na mtu aliye na dakika chache na mtoto anayetapika mbele yake. Neno "haijulikani kwa modeli" litamfanya asome safu ya tiba. Namba nzuri isiyo na msingi itamfanya amrudishe mgonjwa nyumbani.

3 Machi

Tumeweka lango mbele ya modeli. Kabla ya kujibu, inakagua kama kuna atomu isiyoifahamu, kama ni molekuli moja au mchanganyiko, na kama majirani zake wa karibu kwenye data wako karibu kweli. Ikishindwa mojawapo, haitoi namba kabisa, hata ukiiomba. Ikijibu, inawataja majirani watano iliowategemea pamoja na LD50 zao zilizopimwa. Daktari wetu (ni afisa wa kliniki, lakini Lamu nzima inamwita hivyo) amesema majirani hao wanamsaidia kuliko daraja lenyewe, kwa kuwa wengine amewahi kuwatibu.

9 Machi

Spiriti. Nimeipa siku nzima kwa kuwa lango letu haliioni.

Maseremala wa milango huyeyushia vanishi kwa spiriti na kusugulia mbao, na ndani ya spiriti mna methanoli pamoja na ethanoli. Methanoli ikipitishwa peke yake ni molekuli moja, ndogo, ya kaboni, yenye majirani wengi. Iko katikati kabisa ya mipaka. Modeli inaikadiria karibu na ukweli wa panya, ambao ni 5628. Ethanoli ni 7060. Kwa panya hizi mbili ni sawasawa, na zote zinakuwa nje ya daraja la 5, salama kwa karatasi.

Kwa mtu si sawasawa. Mwili hugeuza methanoli kuwa asidi ya fomiki. Panya ana folati, aina ya vitamini, ya kutosha kwenye ini lake kuiondoa asidi hiyo haraka. Binadamu na nyani hawaiondoi kwa kasi hiyo, ikajikusanya, damu ikachachuka, na mshipa wa macho ukaharibika. Mei 2014 makumi ya Wakenya walikufa huko Embu, Kitui, Kiambu na kwingineko kwa pombe iliyotiwa methanoli, na baadhi ya walionusurika walipoteza kuona. Wote hao walikufa kwa kitu ambacho panya wa maabara angetushauri tusikihofie.

Hapa modeli haijakosea. Imejibu sahihi swali la panya. Hakuna kurekebisha mizani wala kuongeza data ya panya kutakakoiponya, kwani data yote ni ya panya. Kinachohitajika ni orodha ya mkono, inayotengenezwa na watu wanaojua tiba: kemikali ambazo mwili wa mtu huzishughulikia tofauti. Methanoli ni ya kwanza. Ya pili ni ethilini glikoli ya maji ya rejeta, ambayo kwa panya ni kama 4700 lakini mtu hudhurika kwa kiasi kidogo zaidi. Orodha hii inasimama juu ya modeli, na kemikali iliyomo humo haipitishwi kwenye kompyuta hata kidogo.

Daktari ameongeza sharti lake: karibu na spiriti iandikwe kwamba mgonjwa anaweza kuonekana mzima saa nyingi kabla ya macho kuanza kufifia, na kwamba kumruhusu kwenda nyumbani kwa kuwa anaongea vizuri ni hatari. Nimeliandika neno kwa neno.

17 Machi

Rasimu ya karatasi iko mezani. Tulibishana sana juu ya mpangilio. Kijana wa data alitaka ianze na daraja la 1 kushuka, kama vitabu vinavyofanya. Nimeshikilia, na Daktari akaniunga mkono, kwamba ianze na zile ambazo modeli imekataa kuzijibu na zile za orodha ya mkono: fosfidi, methanoli, tindikali, mafuta ya taa, rangi ya chombo. Zinafuata zilizopimwa maabara, zikiwa na namba zake. Makadirio ya kompyuta yako mwisho, kwa wino wa rangi nyingine, bila namba, daraja tu, na pale kadirio linapoangukia karibu na mpaka wa madaraja tunaandika daraja kali. Nafasi ya modeli kwenye karatasi ni theluthi ya chini, na hiyo ndiyo nafasi yake ya haki kwa sasa.

Chini kabisa kuna mistari miwili ya mzazi: njoo na chupa, usimtapishe. Hiyo itachapishwa pia kwenye vibandiko vya dukani. Wenye maduka wawili wa Langoni wameshakubali kuvibandika kwenye kila chupa wanayopimia. Wa tatu anauliza nani atalipia vibandiko, na ni swali la haki, bado hatujalijibu.

Kinachofuata ni thina. Kila pipa lina lebo ya mtengenezaji yenye viyeyusho vyake, na mwenye duka mkubwa ameturuhusu tunakili lebo kabla mapipa hayajaanza kupimwa. Tutapitisha kila kiyeyusho peke yake, tutakichukua kilicho kikali zaidi, na pale lebo inapotaja methanoli, pipa zima litahamia sehemu ya juu ya karatasi pamoja na spiriti. Mapipa mapya yanatarajiwa kutoka Mokowe Alhamisi.